Bendera ya Shaba

Wiki iliyopita nilipeleka kompyuta yangu kwa fundi mmoja wa Mwembe Tayari, nyuma ya yale mabasi ya bara, kwa sababu feni yake ilikuwa ikilia kama nyuki aliyefungiwa chupani. Fundi aliifungua, akaipuliza, na vumbi lililotoka ndani lilikuwa la moto. Wakati ule ule muuza manukato wa duka la pili alikuwa ametia udi juu ya kaa ili awavute wasafiri. Harufu zile mbili zikakutana puani mwangu, vumbi la kompyuta na udi, nami sikuweza tena kukaa kwenye kibao alichonipa. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Fundi akaniuliza kama nachelewa basi.

Sikuwa nachelewa popote. Miguu ndiyo iliyokumbuka kabla yangu.

Chumba cha gemu cha Shebe kilikuwa chini ya nyumba ya mamake, katika kichochoro kimoja cha Kuze ambacho watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Shebe mwenyewe alikuwa kijana mwembamba, mpole, mwenye sauti nzuri kuliko kazi yake. Kompyuta zake nane alizinunua zilipotolewa na ofisi moja ya bandarini. Zilikuwa nzito, za rangi ya meno mabovu, naye akaziunganisha kwa waya uliozunguka kuta zote kama mtu aliyefunga mzigo asiouamini. Feni ya dari haikusaidia kitu. Kila Alhamisi alasiri mamake alishuka ngazi na chetezo, akazungusha moshi wa udi baina ya viti.

"Mwanuka miguu nyote," alisema. "Hata huyu msichana."

Msichana nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi, na niliruhusiwa kuingia mle baada ya chuo cha Kurani kwa sababu kaka yangu Nasri, aliyenipita miaka mitatu, alikaa kiti cha pili, na kwa sababu mamake Shebe alituona sote kutoka mahali pake pa kukaangia bhajia. Nikiondoka alinipa sahani ya bhajia nimpelekee bibi yangu, mamake mama, aliyekaa nyumba ya tano kutoka pale. Kesho yake nilirudisha sahani. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Bibi alitia chochote: ndimu, tende mbili, siku nyingine kipande cha udi kidogo kama ukucha. Nilizibeba sahani zile bila kuzifikiria, kama mtu anavyobeba jina lake.

Tulicheza gemu moja tu. Timu mbili, watu wanne kila upande, bunduki, na mji wa magofu usiokuwa na mtu mwingine ila sisi. Lakini gemu ile moja ilikuwa na michezo mingi ndani yake, na hilo ndilo lililonichukua muda kulifahamu. Kuta zilikuwa zile zile, bunduki zile zile, ngazi zile zile za kujifichia. Kilichobadilika ni sharti la kushinda, na sharti likibadilika, kila kitu hubadilika: mlango uliokuwa wa kukimbilia huwa mtego, na rafiki aliyekuwa na faida jana leo huwa mzigo. Majina ya michezo ile yalikuwa kwenye skrini kwa Kiingereza, lakini Shebe aliyavua akayavisha yetu.

Kulikuwa na Vita vya Mtaa. Huo ulikuwa mchezo wa kuangushana tu. Kila adui unayemwangusha ni pointi, na timu inayofika kwanza kwenye idadi iliyowekwa ndiyo iliyoshinda. Ukipigwa wewe, skrini inakuwa ya kijivu, unangoja kidogo, kisha unarudi kwenu ukiwa mzima na bunduki imejaa. Kufa hakukuwa na uzito. Nasri aliupenda kwa sababu alikuwa na jicho zuri na hakutaka kufikiri kitu kingine.

Kulikuwa na Vituo. Mahali patatu katika mji ule palikuwa na duara ardhini. Ukisimama ndani ya duara kwa muda linageuka rangi yenu, na maadamu ni lenu pointi zinadondoka moja moja, kama mfereji usiofungika vizuri. Duara la kwanza tuliliita Feri, kwa sababu ya msukumano. La pili Mwembe Tayari, kwa sababu watu waliingia kutoka kila upande. La tatu lilikuwa katika yadi tupu yenye kuta ndefu, tukaliita Shimanzi. Hakuna aliyetaka kulinda Shimanzi. Lakini Shebe alisema timu inayoshinda Vituo ni ile iliyo na mtu mmoja anayekubali kuchoka kwa kusimama.

Kulikuwa na Roho Moja. Timu moja ina bomu, nyingine inalinda, na humo hakuna kurudi. Ukipigwa, umekwisha mpaka duru ile iishe. Unavua hedifoni, unaweka mikono mapajani, na skrini yako inakuonyesha macho ya mwenzako aliye hai. Unaona anachokiona yeye. Nawe umekatazwa kusema. Mara ngapi nilimwona adui akimnyemelea Nasri kwa nyuma, nami nimeuma ukosi wa buibui langu nisipige kelele.

Na kulikuwa na Bendera, ambao ulikuwa mchezo wangu. Kila timu ina bendera nyumbani kwake. Unakwenda kwao, unaichukua yao, unakimbia nayo kwenu; ukipigwa, unangoja kisha unarudi, kama katika Vita vya Mtaa. Sikujua kulenga, lakini nilikuwa mdogo, nilikuwa mwepesi, na sikuweza kutulia, na mchezo ule uliwataka watu wasioweza kutulia. Jambo moja lilinifurahisha kuliko yote: bendera ikishanyakuliwa, timu nzima iliyonyang'anywa huacha kila ilichokuwa ikifanya na kuifuata. Aliyekuwa akilenga anaacha kulenga. Aliyejificha anatoka. Wote mbio, wote kwa pamoja, nyuma ya kitu chao.

Siku moja tulishindwa vibaya katika Bendera, na Nasri akabisha.

"Nimewaangusha wengi kuliko mtu yeyote humu."

"Kweli," Shebe alisema. "Na bendera yenu i wapi?"

"Ilichukuliwa."

"Ilipita mbele yako, yakhe. Nimeiona kwa macho yangu. Wewe wapiga watu, bendera yaenda zake." Akatugeukia wote. "Kwanza jueni mwacheza nini. Mtu akicheza Vita vya Mtaa ndani ya Bendera, atashinda peke yake na wenziwe watarudi nyumbani wakilia."

Watoto wa upande wa pili wakacheka. "Nasri shujaa wa Shimanzi," mmoja wao alisema, na jina likamganda kwa mwezi mzima.

Wakati huo tulikuwa tayari tunakaa nyumba mbili.

Baba yetu alifanya kazi katika ghala moja la Shimanzi, akipokea bidhaa na kuzikagua. Alikulia katika nyumba za reli, mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka bara, akaja kuoa Mji wa Kale kwa watu ambao kila kiti kina hadithi. Alikuwa mtu wa kurudisha vitu. Akiazima ngazi ya jirani, aliirudisha imeoshwa. Akiazima mwavuli, aliurudisha umekaushwa na kukunjwa. "Kitu cha mtu hurudi safi," alituambia, naye hakuwa akituhubiria, ndivyo alivyoishi. Maneno hakuwa nayo mengi. Mama alikuwa nayo, na alingoja ya baba kama mtu anayengoja maji kwenye mfereji uliokatwa: akiwa na ndoo, akiwa na subira, kisha bila subira.

Asubuhi moja, juu ya chai, waliyokuwa wakiyazungusha muda mrefu yakafika mwisho. Mama alisema, "Basi sema neno moja, tujue." Na baba, ambaye hakuwa na maneno, akapata lile ambalo halikutakiwa. Nilikuwa nikichovya mkate. Nakumbuka mkate ulikatika ukazama.

Watu wazima walisema mama anapaswa kukaa pale pale kwetu Makadara mpaka iishe eda, ile miezi ya kungoja baada ya talaka, lakini mama alisema atakaa kwa mamake. Nikaenda naye. Nasri alibaki na baba kwa sababu skuli yake ilikuwa karibu, na kwa sababu, alivyosema mama akimfunga vifungo vya shati ambavyo alijua kuvifunga mwenyewe, "Babako hawezi kukaa peke yake, atasahau kula." Mama alichukua nguo, msala wake, na chetezo cha shaba ambacho baba alimletea katika sanduku la harusi. Akakiweka kwa Bibi, juu ya rafu karibu na dirisha.

Nilisikia mengi katika nyumba ile, nikiwa nimelala chini nikijifanya nasoma. Bibi alimwambia dada yake aliyekuja kutusalimu:

"Ni talaka moja tu. Ziko tatu. Na eda haijesha. Akitaka kumrejea mkewe hahitaji shahidi wala ngoma. Aje tu, aseme neno."

"Na ikisha eda?"

"Ikisha, itakuwa posa upya na mahari upya. Nawe wamjua mwanangu. Hatangoja mara ya pili."

Nilisimama nikatoka mbio hadi kwa Shebe. Nasri alikuwa amekwisha kuwasha kompyuta. Nikamvuta hedifoni.

"Ziko tatu," nikamwambia. "Imekwenda moja tu. Si Roho Moja."

Alinielewa pale pale. Nadhani hakuna mtu mwingine katika Mombasa nzima ambaye angenielewa.

"Saa inakwenda lakini," akasema. "Kuna saa. Ikisha, imekwisha."

"Sasa ni mchezo gani?"

Akafikiri. "Vituo. Mama ameshika kwa Bibi, Baba ameshika Makadara. Kila mtu kasimama kwenye lake. Atakayetoka ndiye atakayeshindwa."

"Basi hakuna atakayetoka."

"Ndiyo."

"Mimi naona ni Bendera," nikasema.

"Hakuna bendera."

Lakini mimi nilikuwa nimeshaiona. Ilikuwa juu ya rafu karibu na dirisha.

Nieleze nilivyofikiri, maana sijapata kufikiri kwa uwazi namna ile tena. Chetezo kilikuwa cha mama kuliko kitu kingine chochote. Kila Alhamisi alifukiza nguo zake na zetu, na nyumba ya Makadara ilikuwa ikinuka hivyo. Sasa ilinuka sabuni na mayai. Nikikichukua nikakipeleka Makadara, mama ataacha kila kitu akifuate. Atateremka ngazi za Bibi, atapita vichochoro, atavuka barabara, ataingia mlangoni akiwa anahema. Na akishaingia, baba atakuwa pale. Neno moja tu. Bibi mwenyewe alisema.

Alhamisi moja Bibi alisema, akikuna nazi, "Kesho eda yesha." Mama alikuwa amekwisha kufukiza nguo mapema, na chetezo kilikuwa kimepoa juu ya rafu na jivu ndani. Alikwenda kuoga. Nikakitia chini ya buibui nikashuka.

Bado naiona njia ile kwa miguu. Kichochoro cha Kuze, kisha kona ya mwenye duka la uzi aliyekuwa kila mara akiniuliza nakwenda wapi, kisha kupanda Kibokoni ambako pikipiki hupita zikikwangua kuta, kisha barabara kubwa na malori, kisha Makadara. Shaba ilinigonga mbavuni. Sikugeuka nyuma hata mara moja, kwa sababu Shebe alitufundisha kwamba anayebeba bendera hageuki, wenziwe ndio hugeuka kwa niaba yake. Lakini sikuwa na wenzangu nyuma. Nilihisi timu nzima ikinifuata. Nilisikia nyayo zake. Nilifurahi na nikaogopa kwa kiasi kimoja.

Nasri alifungua mlango.

"Wee, umefanya nini?"

"Weka mezani. Mama yuko nyuma yangu."

Akatazama kichochoroni. "Hayuko."

"Yuko. Anavaa."

Tulikiweka mezani tukasimama dirishani. Nilikuwa naruka mguu huu na huu. Akapita muuza kahawa. Wakapita watoto wa chuo kingine. Akapita mwanamke wa buibui, moyo ukanipanda, akaingia nyumba nyingine. Kisha tukamwona baba, akitoka kazini, shati limeloa mgongoni, mkate chini ya kwapa.

Aliingia, akaitika salamu zetu, tukambusu mkono. Kisha akakiona. Hakukigusa kwanza. Aliweka mkate polepole kama mtu anayeweka kitu karibu na paka aliyelala.

"Hiki kimekuja vipi?"

Nasri akanitazama. Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu. "Nimekileta," nikasema.

"Mamako amesema nini?"

Nilikuwa mtoto mkweli, na hilo ndilo swali nililoulizwa. "Hakusema kitu."

Akatikisa kichwa, taratibu, mara nyingi, kama kwamba hilo lilikuwa jibu refu. Alivuta kiti akaketi mbele ya chetezo. Sijawahi kumwona akikitazama kitu hivyo, hata sisi. Kisha akainuka, akachukua ndimu jikoni, akaikata, na akaanza kukisugua.

"Rudi kwa mamako kabla ya magharibi," akaniambia bila kuinua macho. "Nasri, mfikishe."

Mama hakuwa amekuja. Alikuwa kwa Bibi, ameketi karibu na dirisha, na rafu ilikuwa na duara safi pale chetezo kilipokuwa kimekaa. Hakuniuliza. Aliniambia ninawe mikono. Nilinawa, na maji yalitoka ya kijivu.

Ijumaa, baada ya swala, tulisikia viatu vya baba ngazini. Nilivijua kwa jinsi anavyosimama kila anapofika kituo cha ngazi, kana kwamba anaomba ruhusa ya ghorofa inayofuata. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Mikononi alikuwa na kitu kimefungwa kwa gazeti. Nasri alikuwa nyuma yake, na uso wake ulinitaka niseme jambo ambalo sikulijua. Bibi alimkaribisha baba ukumbini, akamletea kahawa, kisha akakumbuka kwamba ana kazi jikoni. Mimi na Nasri tulikaa juu ya ngazi ya mwisho, mlango ukiwa wazi kiasi cha kiganja.

Mama alitoka chumbani. Alikuwa amevaa leso mpya. Nililiona hilo na nikamfinya Nasri.

"Asalaam aleikum," baba alisema.

"Waaleikum salaam. Karibu."

"Nimestarehe." Kikombe kikagonga kisahani. "Nimekuletea kitu chako."

Gazeti likafunguliwa. Hata kutoka ngazini tuliona mwanga wake ukutani. Shaba ile haijapata kung'ara hivyo tangu nizaliwe.

"Kimeng'ara," mama alisema.

"Nilikisugua kwa ndimu. Kilikuwa na jivu."

"Na ndani?"

"Ndani nako. Nimelitoa lote." Alisema kwa fahari kidogo. "Hakuna kitu ndani."

Mama alikipokea. Alikigeuza, akatazama ndani yake, akatazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona kwamba kitu ni kitupu.

"Naona," akasema. "Ahsante. Kuna jengine?"

Nilimbana Nasri mkono. Neno moja. Tulikuwa tumeketi kama katika Roho Moja, mikono mapajani, tukiona kila kitu na tumekatazwa kusema.

Baba akakohoa. "Kama kuna kitu chako chochote kilichobaki kule," akasema, "niambie, nikilete."

"Hakuna," mama alisema.

Akamaliza kahawa yake, maana kuiacha ingekuwa utovu wa adabu. Akaaga. Alipopita ngazini alituwekea mkono kichwani, huyu kisha huyu, akashuka, akisimama kila kituo.

"Tumeshinda?" nikamuuliza Nasri.

Alikuwa amefura pua. "Sijui," akasema. "Hakuna mchezo ambao wale wa upande wa pili wanakurudishia bendera."

Tulikwenda kwa Shebe, kwa kuwa hatukujua kwingine kwa kwenda. Nasri alimweleza yote, akichanganya mwanzo na mwisho. Shebe alisikiliza akiwa na kitambaa cha kufutia skrini mkononi, na hakucheka, ingawa ulikuwa wakati wake wa biashara na viti vilikuwa vimejaa.

"Bi Mdogo," akaniambia, "ulikimbia vizuri."

"Basi mbona hatukushinda?"

Alitazama kitambaa. "Sijui wale walikuwa wacheza nini," akasema. "Ndoo hapa, keti."

Akatuwekea Vituo. Nikakimbilia Shimanzi bila kuambiwa, nikasimama ndani ya duara katika yadi ile tupu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya gemu sikusogea. Pointi zilidondoka. Hakuna aliyekuja kunipiga. Adhana ya magharibi ilipoanza Shebe akazima umeme wa mashine zote kama desturi yake, na eda ya mama ikaisha na jua.

Hawakurudiana. Baba alihamia Likoni miaka michache baadaye, akaoa mwanamke mcheshi anayemsemea maneno yote, na nadhani anampenda kwa hilo. Mama hakuolewa tena. Chumba cha Shebe sasa ni duka la simu. Nasri yuko Doha, anafunga viyoyozi.

Siku moja nilivuka na baba Feri, tumesimama katikati ya watu na baiskeli na kuku, nikamuuliza kwa nini alikirudisha. Nilitarajia kimya. Lakini injini ya feri ina kelele, na labda ndani ya kelele ile mtu huona hasikiki.

"Nilidhani amenirudishia," alisema. "Zawadi yangu ya harusi, siku ya mwisho, bila neno. Nilikuuliza wewe amesema nini. Ukasema hakusema." Akacheka kidogo. "Mtu akikurudishia zawadi utamwambia nini? Nikasema nitakisugua kiwe kizuri kuliko siku nilipokinunua, nimpelekee kwa mikono yangu. Labda ataelewa. Vidole vilininuka ndimu mpaka wiki iliyofuata." Feri ikagonga gati, watu wakaanza kusukumana. "Hakukitazama hata nje," akasema. "Alitazama ndani tu."

Nilikaa na maneno hayo bila kuyapeleka popote. Hadi wiki iliyopita, niliporudi kutoka kwa fundi na kompyuta kwapani. Mama alikuwa akifukiza nguo. Chetezo ni kile kile. Nikamweleza kuhusu harufu ile ya Mwembe Tayari, kisha, kwa kuwa sikuweza kuketi, nikamweleza kuhusu Bendera, nikizunguka chumba, nikishika hiki nikiacha hiki.

"Keti, wanitia kizunguzungu," akasema. "Nilijua ni wewe."

"Ulijuaje?"

"Jivu. Ulilimwaga ngazi zote. Nilifagia mpaka mlangoni, nikaona limeendelea kichochoroni."

"Sasa mbona hukunifuata?"

Alifunika chetezo kwa upindo wa kanzu yangu, akaacha moshi uingie katika nguo.

"Nilivaa," akasema. "Nilifika kona ya duka la uzi. Kisha nikasema, ngoja. Miaka yote mimi ndiye niendaye. Ngoja nione atafanya nini." Akapepea moshi kwa kiganja. "Nilipomsikia ngazini kesho yake, nilikuwa nimeshafunga sanduku. Liko nyuma ya mlango, na leso mpya nimevaa. Akakifungua." Akainua upindo, moshi ukatoka. "Mwanangu, hata sahani ya bhajia hairudi tupu. Angetia kaa moja tu. Hata lililozimika."

Jana alasiri nilicheza na Nasri. Bado tunacheza, yeye kule, mimi huku, kila mmoja na hedifoni yake, na bado ni Bendera, katika gemu nyingine na mji mwingine wa magofu. Nilikuwa nimebeba mimi, yeye ananilinda nyuma. Nikamwambia yote, la ndimu na la kaa, nikikimbia. Nilipokaribia kwetu nikaona siko na mtu. Nikageuka, mimi nisiyegeuka, nikamwona amesimama katikati ya uwanja, peupe, bunduki imeelekea chini.

"Nasri, watakupiga."

"Alikuwa na sanduku," akasema. "Mlangoni?"

"Nyuma ya mlango."

Risasi zikatoka kwenye madirisha mawili, akaanguka, na jina lake likawa la kijivu. Nilisikia pumzi yake tu, kutoka Doha. Bendera ilikuwa mkononi mwangu na nyumbani kulikuwa hatua chache tu, lakini sikuipeleka. Nilirudi pale alipoangukia nikasimama, nikimngoja arudi.